Kibuyu Kikavu cha Bibi Harusi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwaeleze jambo la mto wetu Kisuba. Enzi hizo kome, wale wadudu wa maji wenye magamba mawili, walikuwa hawajulikani huku. Maji yalishuka kutoka mlimani, ya baridi, ya mbio, yakaingia mferejini na kunywesha magimbi. Na kila bibi harusi aliyetoka mbali alikuja na kibuyu cha maji ya kwao, akayamimina mtoni, ili mito miwili ijuane kama koo mbili zilizooana.

Ndipo akaja Sekela, binti wa ziwani. Alimimina, watu wakashangilia. Hakuna aliyeona kwamba ndani ya maji yale walikuwamo watoto wa kome, wadogo kuliko punje ya ulezi.

Mwaka mwingine wangekufa kwa baridi. Lakini mwaka ule wanaume walikuwa wamefyeka miti ya ukingoni na kuuziba mto kwa mawe, wapate bwawa la kuogea. Maji yakatulia. Jua likayapasha moto. Mchanga ukatanda chini, laini. Kome wakazaa, wakazaa tena, wakapandana migongoni, wakajaza bwawa, wakajaza mfereji, hadi maji yakashindwa kupita na magimbi yakaanza kunyauka.

Wazee wakajua kome wametoka ziwani, wakaamua Sekela arudishwe kwao. Mama mkwe wake, Bibi Subilaga, alimpenda, ila njaa aliiogopa zaidi. Akamwambia afunge mzigo.

"Umetuletea ndugu zako wote, mwanangu," akasema. "Ungetuarifu, tungepika chungu kikubwa."

Sekela alifunga mzigo, akauacha mlangoni, akaenda kuuaga mto. Alitembea ndani ya maji, akipapasa chini kwa nyayo. Bwawani alikanyaga kome kila hatua. Akalipita bwawa, akapanda kuelekea mlimani, penye kivuli na kasi, akapapasa: mawe matupu. Akapanda tena, akapapasa tena: mawe matupu! Akarudi mbio, nguo zikimchuruzika.

"Mama, hawakai penye baridi na mbio," akasema huku akihema. "Mimi niliwaleta, lakini kitanda tuliwatandikia sisi."

Siku hiyohiyo kijiji kizima kiliingia mtoni. Wakang'oa mawe, moja, la pili, la mia, na Kisuba ukanguruma, ukaruka, ukawakokota kome hadi mabondeni. Wale wa mferejini wanawake waliwazoa kwa vikapu, wakawaanika. Baada ya siku chache za jua kali wote walikuwa wameachama, wamekufa. Ukingoni ikapandwa miti. Na Bibi Subilaga akaubeba mwenyewe ule mzigo, akaurudisha ndani.

Na tangu siku hiyo kome wetu huishi kule chini tu, mto unapochoka na kwenda polepole. Na bibi harusi ajaye Kisuba hukianika kibuyu chake siku saba. Akifika, hukipindua juu ya mto mbele ya mama mkwe. Halidondoki hata tone, na hapo ndipo vigelegele hupasua anga, maana alichotumiminia ni jua la kwao.