Umri wa Bwana Muhdhar

Kutoka Mtangawanda, mashua zinakoshusha abiria wa kisiwa cha Pate, mpaka mji wa Siyu ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa miguu, na mchanga wa njiani humrudisha mtu hatua moja nyuma katika kila hatua tatu. Wageni huilaani njia hiyo. Lakini hapo Siyu palikuwa na njia nyingine, fupi ajabu, ambayo Bwana Muhdhar aliishika Jumatatu moja ya mwezi wa Agosti ikamwishia kabla ya Ijumaa. Methali isemayo kuwa njia ya mwongo ni fupi ina maana kwamba uongo haumfikishi mtu mbali, hata akiupamba vipi. Wengi wetu tunaijua methali hii kwa ulimi tu. Bwana Muhdhar aliijua kwa mwili mzima.

Alikuwa fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi vya wazi, na mkono wake ulikuwa na baraka. Kubadhi alilolishona yeye lilidumu mpaka mvaaji akalichoka. Alihamia Siyu miaka kumi nyuma akitokea Mkokoni, upande wa bara, baada ya kufiwa na mkewe. Kifua chake kilikuwa bado cha kijana, meno yote yalikuwapo isipokuwa mawili, na kila Alhamisi alizipaka ndevu zake rangi nyeusi ili Ijumaa zifike msikitini zikiwa kama mkaa. Kilema chake kilikuwa kimoja. Hakuweza kuvumilia kusikia jambo lililopita likisimuliwa na mtu mwingine. Ukisema mvua ile ilinyesha Jumanne, atakwambia ilikuwa Jumatano, tena baada ya alasiri, na atakutajia nani aliteleza na wapi. Marafiki zake walizoea kumnyamazia, maana kubishana na Muhdhar ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mwaka huo moyo wake ulikuwa umetua kwa Bi Mwanamkisi, mjane mwenye ulimi wa taratibu na akili kali, aliyekuwa akisuka mikeka nyumbani kwa ami yake, Mzee Abdulghafur. Marehemu mumewe aliugua miaka sita, naye alimuuguza mpaka siku ya mwisho. Muhdhar alipopeleka posa, pamoja na jozi ya makubadhi mekundu aliyoyashona kwa wiki mbili, Bi Mwanamkisi alimwambia ami yake kwamba hana neno na mtu huyu, ila hataki tena mwanamume wa kuuguza. Mzee Abdulghafur akalifikisha jawabu hilo kama alivyopewa, dakani kwake, ukumbini mwa mlango, penye viti vya mawe.

Mwenye kujishuku haambiwi mara mbili. Muhdhar alisikia habari ya kuuguza, akaelewa habari ya uzee, na papo hapo, bila kuulizwa na mtu, akatangaza kwamba yeye ana miaka arubaini kamili. Mzee Abdulghafur alimtazama, akakohoa, akasema ujumbe utafika. Bi Mwanamkisi naye akasema atatoa jawabu la mwisho Ijumaa. Muhdhar alirudi kwake akiwa na furaha ya bwana harusi, na rangi ya ndevu aliipaka Jumatatu hiyo hiyo bila kuingoja Alhamisi.

Hapo ndipo serikali ilipojiingiza. Mwaka huo wa 1969 watu wa Kenya nzima walikuwa wakihesabiwa, na Siyu akaletwa Mwalimu Kemunto, binti wa Kisii aliyekuwa akifundisha Lamu. Alifika akichechemea, maana kisigino cha kiatu chake kimoja kilibaki katika mchanga wa njiani. Alikuwa na fomu, penseli, kifutio, na karatasi ndefu iliyoorodhesha mambo makuu ya dunia mwaka baada ya mwaka. Kazi ya karatasi hiyo ilikuwa kumsaidia mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa: aulizwe tu kama jambo fulani lilimkuta duniani au lilitangulia. Aliyeiandika bila shaka alikuwa msomi mkubwa. Siyu hakuwahi kufika.

Mwalimu alikuta mlango wa Muhdhar umefungwa, akaelekezwa kwa Mzee Abdulghafur, ambako fundi huyo sasa alishinda kutwa. Akawaandika wote wawili hapo hapo dakani. Bi Mwanamkisi alikuwa ndani nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, ukili wa mkeka mkononi, masikio nje.

Mwalimu alianza na mwenye nyumba. Alimuuliza kama mwaka 1919, mataifa makubwa yalipokutana Ulaya kutia sahihi mkataba wa amani, yeye alikuwapo. Mzee Abdulghafur alijibu kwamba hakualikwa. Akaulizwa juu ya mwaka uliofuata, mataifa yalipounda baraza la kuzuia vita visitokee tena duniani. Mzee akataka kujua kama vita vilizuilika. Mwalimu akasema la, havikuzuilika. Mzee akasema basi baraza hilo analijua, hata Siyu liko. Hatimaye walipatana miaka sabini na mitano, kwa kuwa alikumbuka vizuri vita vile vikuu vya kwanza vilivyomkuta akiwa na ndevu.

Hata hivyo Mwalimu aliendelea kuisoma karatasi, na alipofika mwaka 1936 alisoma kwamba mfalme wa Uingereza aliacha kiti chake ili amwoe mwanamke aliyekwisha kuachwa mara mbili. Daka zima likashangaa. Mzee Abdulghafur alisema huo ni upungufu wa washauri. Sauti ya Bi Mwanamkisi ikatoka ndani, pole pole.

"Huyo mimi nimempenda. Alilokuwa nalo moyoni alilitaya mbele ya watu."

Muhdhar alilisikia neno hilo na halikumwingia. Alikuwa akiitupia jicho karatasi, akipiga hesabu ya kurudi nyuma kwa vidole alivyovificha ndani ya kikoi. Ilipofika zamu yake, Mwalimu alisoma kwamba mwaka 1929 bei za vitu zilianguka dunia nzima, matajiri wa Marekani wakafilisika. Muhdhar akainua mkono.

"Hapo," akasema. "Ndipo nilipozaliwa. Mama alikuwa akinambia."

Mwalimu akaandika arubaini. Muhdhar akashusha pumzi, akaegemea ukuta. Lau angeondoka wakati huo, pengine leo tungekuwa tunasimulia harusi.

Bi Mwanamkisi hakujua mwaka wa kuzaliwa wa Muhdhar, lakini tabia ya Muhdhar aliijua vizuri. Alimuuliza ami yake, kama mtu anayepitisha muda, iwapo ni kweli kwamba Mtaliani alipokwenda kupigana na Mhabeshi, mwaka ule wa 1935, askari wake wa Kismayu walikwenda miguu mitupu. Mzee Abdulghafur alisema anadhani ni kweli.

Muhdhar alifumba mdomo. Akafumba na macho. Mshipa wa shingoni ukamsimama.

"Miguu mitupu!" likamtoka. "Zita zile za Mhabeshi nazijua mimi. Jozi mia mbili za makubadhi nalizishona kwa mkono huu, Mkokoni, zikapelekwa Kismayu. Miezi mitatu sikulala vyema."

Mwalimu Kemunto, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, alitazama fomu kisha akamtazama fundi. Alimkumbusha kwa adabu kwamba mwaka huo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mtoto wa miaka sita. Muhdhar akasema alianza kazi mapema. Mwalimu akangoja. Muhdhar akacheka kicheko kikavu, akasema mama yake huenda alikosea, wanawake wa zamani hawakusoma, basi aongezewe kumi. Mwalimu akafuta, akaandika hamsini.

Hamsini bado si haba, alijiambia Muhdhar. Hamsini huoa. Lakini Bi Mwanamkisi alikuwa hajamaliza ukili wake. Aliuliza tena, safari hii juu ya mwaka 1925, Mngereza alipompa Mtaliani nchi yote ya Jubalandi, Kismayu ikiwamo. Alisema yeye amesikia kwamba siku hiyo watu wa Kismayu walilia njiani kwa huzuni.

Jasho lilianza kumtiririka Muhdhar, na kwa kuwa rangi ile ya Jumatatu ilipakwa kwa haraka, lilishuka jeusi mpaka kwenye kola ya kanzu. Alijaribu. Mungu ni shahidi alijaribu. Alishika goti kwa mikono miwili kama mtu anayelizuia lisikimbie.

"Hakulia mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Watu walikwenda sokoni kama kawaida. Nalikuwako, nimepeleka ngozi. Mke wangu wa kwanza nalikuwa nimemuowa mwezi ule."

"Bwana Muhdhar," alisema Mwalimu Kemunto, "mwaka 1925 wewe ulikuwa na miaka sita. Naona kila jambo la dunia linakukuta na miaka sita."

Mzee Abdulghafur alijifunika uso kwa kilemba chake, mabega yakimtikisika. Mwalimu alifuta tena, na karatasi ya serikali ikatoboka pale palipoandikwa umri. Muhdhar alilitazama lile tundu. Alitaka kusema thelathini na mbili, sabini, lolote. Akili ilikuwa imemwisha.

Bi Mwanamkisi akamalizia. Alisema basi jambo kubwa kuliko yote lilikuwa siku ile vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, mwaka 1918, wanafunzi wa vyuo vya Kurani vya Mkomani, kule mjini Lamu, walipopewa tende.

"Halua," akasema Muhdhar. Hakupigana tena. "Ilikuwa halua. Nalikula mpaka nikaumwa na tumbo. Nalikuwa na miaka kumi."

Mwalimu aliandika sitini na moja kando ya tundu, akamshukuru kwa ushirikiano wake. Hapo Bi Mwanamkisi akatoka mpaka kizingitini, amejitanda leso, na mkononi ameshika yale makubadhi mekundu. Hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyepoteza kitu.

"Bwana Muhdhar, mimi nalisema sitaki mwanamume wa kuuguza. Uzee nani aliyeutaya? Wewe hwenda Mtangawanda ukarudi siku moya, na mzigo wa ngozi kitwani. Ungenambia una sitini na moya, nalikuwa nishakubali."

"Sasa si nimesema?" Muhdhar aliuliza, na sauti yake ilimtia huruma kila aliyekuwapo.

"Umesema baada ya karatasi kutoboka. Aliyenificha miaka ishirini na moya kabla sijaingia nyumbani kwake, nikishaingia atanificha mangapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Siyu, jambo lilielezwa mbele ya Muhdhar naye hakuwa na cha kusahihisha. Alimpenda mwanamke yule kweli, na ukweli huo ndio uliomuuma zaidi, kwa sababu haukuhitaji kuongezwa wala kupunguzwa kitu.

Kwa desturi, posa ikikataliwa zawadi hurudi. Bi Mwanamkisi akayaweka makubadhi chini, mbele ya miguu ya mwenyewe. Muhdhar akayatazama, kisha akatazama kiatu cha Mwalimu kisicho na kisigino. Alikuwa mwongo, lakini fundi hakuwa wa uongo. Akayasogeza kwa Mwalimu Kemunto, akasema yanaonekana kumtosha mguuni, na njia ya kurudi ni ile ile.

Alasiri hiyo Mwalimu alirudi Mtangawanda na makubadhi ya Bwana Muhdhar, saa mbili na zaidi za mchanga, na hayakulegea hata uzi mmoja. Mwenyewe alibaki amekaa dakani, ndevu zimemchuja nusu nyeupe nusu nyeusi, na kutoka hapo alipoanzia uongo wake hadi hapo ulipomwishia hapakuwa hata na hatua moja ya mguu. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.