Jina Moja Mlangoni

Sogeeni mnisikilize, ila msitegemee kuchekeshwa. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi na kila mara hasira inanipanda upya.

Palikuwa na watu watatu katika chuo kimoja cha milimani. Mkunde alijua kuuliza. Shekalaghe alijua kuunda. Nyamizi alijua kushuku. Juu yao alikuwepo mkuu wa idara, Profesa Lwitiko, na yeye alijua kudharau.

Ugomvi ulianzia kwenye mwanga. Chembe mbili za mwanga zikizaliwa pamoja, moja ikaenda kulia na nyingine kushoto, ukizipima majibu yao yanaoana kwa namna ya ajabu. Lwitiko alisema hakuna ajabu yoyote: zilishapatana kabla ya kuachana, kama wezi wawili wanaopanga maneno kabla ya kufikishwa kituoni. Aliyebisha aliambiwa akatafute kazi kwingine.

Mkunde akabisha. Kwa karatasi na kalamu alitunga jaribio: kila chembe iulizwe moja ya maswali mawili ya ndiyo au hapana, bila kujua ile nyingine imeulizwa lipi. Majibu yalingane, isipokuwa zote mbili zikiulizwa swali la pili, hapo yapingane; yakitoka hivyo, zimeshinda. Akathibitisha kwamba waliopatana mapema, wapange wapangavyo, watashinda kwa wastani mara sabini na tano katika mia, si zaidi. Lwitiko aliisoma karatasi ile, kisha akaifanya kifuniko cha kikombe chake cha chai.

Shekalaghe akaiokota. Alipewa ghala la vifaa vibovu lisilo na dirisha, na humo alikaa miaka sita akiunganisha vioo na vipima mwanga vilivyotupwa. Vidole vilimuungua kwa kuchomelea nyaya mpaka akashindwa kufunga vifungo vya shati. Alipomaliza, chembe zilishinda mara themanini na tatu katika mia. Lwitiko akasema mashine zilizo chumba kimoja zinaweza kupeana habari. Inaniuma kukiri kwamba hapo alikuwa na hoja.

Hoja hiyo Nyamizi alishaiona kabla yake. Akapandisha mashine moja kilima hiki na nyingine kilima cha pili, akapanga maswali yachaguliwe chembe zikiwa tayari njiani. Hata mwanga wenyewe usingewahi kupeleka habari toka kilima hadi kilima kabla ya jibu kutoka. Kazi ya miaka mitano. Alimzika mama yake Jumamosi, Jumatatu akawa kilimani. Ikatoka themanini na tatu tena.

Maabara mpya ikajengwa. Kanuni ya chuo ni kwamba kibao cha mlangoni kinabeba jina moja, na mwenye jina ndiye mwenye ufunguo na ajira ya kudumu. Wengine mikataba yao inaishia hapo. Na mwenyekiti wa kamati ya kuchagua jina hilo ni nani? Lwitiko huyohuyo wa kikombe cha chai.

Aliwaweka katika vyumba vitatu tofauti, simu akazichukua, akamwuliza kila mmoja nani anastahili. Alitarajia wararuane. Wote watatu waliandika sentensi ileile: Bila wale wawili mimi si kitu.

"Mmepanga," Lwitiko akasema alipowaita pamoja.

Mkunde akasimama kwa ghadhabu. "Profesa, tumetumia umri wetu kukuonyesha kwamba kuoana si lazima kuwe kupanga. Na bado neno lako ni hilohilo?"

Lwitiko akawapa hadi saa sita mchana wataje jina moja. La sivyo kibao kitaandikwa jina lake yeye, kwa kuwa bila ubishi wake, alisema, kazi isingekamilika.

Chukulia sasa ni saa tano na nusu. Wakigoma, mtu yule anachukua mlango. Wakitaja mmoja, wanawatupa wawili kwa mikono yao wenyewe. Na usiniambie waandikwe wote. Kibao nimekiona, hakina nafasi.

Aliyeuliza, aliyeunda, aliyeshuku, au wagome? Kalamu hii hapa, ishike wewe. Ungeandika jina la nani?