Jina la Mtoto na Taa ya Kulia

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi iliyonishinda, na kwa kuwa vichwa vyenu ni vingi kuliko changu, nawaletea nyinyi.

Juu ya milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia ndani mlango ukiachwa wazi, aliishi Hoza na mkewe Mwajabu. Hoza alikuwa na dada watatu. Tunu alijaliwa macho: alimtambua mtu wa mteremko wa pili kwa mwendo wake tu. Kibibi alijaliwa mikono: redio iliyokufa ikifika mapajani mwake ilisema. Zaina alijaliwa wasiwasi. Msicheke. Zaina alifunga mlango, akausukuma, akaenda kidogo, akarudi kuusukuma tena, na nyumba yake haikuwahi kuibiwa.

Mwajabu alikuwa ameharibikiwa mimba mara kwa mara. Hii ya mwisho ilipokaribia miezi yake, daktari alimwambia wazi kwamba baada yake hapatakuwa na nyingine, na kwamba uchungu ukianza tu ateremshwe hospitali ya bondeni.

Uchungu ulianza asubuhi yenye ukungu mzito. Hoza alirudisha nyuma gari lake kuukuu hadi mlangoni. Tunu alikuwa barazani, amekumbatia khanga za mtoto.

"Kaka, taa yako ya breki ya kulia haiwaki."

"Ya kushoto je?"

"Hiyo inawaka."

"Basi inatosha. Mfungulie wifi yako mlango."

"Haitoshi. Kona mbaya za huko chini zinapinda kushoto, zimebanwa na mwamba. Aliye nyuma huanza kukuona upande wa kulia."

Hoza akazima injini. Yeye asingeweza kuligundua hilo, maana anayekanyaga breki haioni taa yake.

Kibibi, aliyekuwa ndani na Zaina wakimsaidia Mwajabu, hakungoja kuitwa. Akafungua buti, akavuta zulia la pembeni, akazungusha kikombe cha balbu mpaka kikatoka. Balbu iliyoungua ilikuwa nyeusi, imeng'ang'ania kwa kutu. Alipoivuta ikampasukia kiganjani. Akajifunga kitambaa, akang'oa kitako kilichobaki, akasugua kutu kwa kipande cha msasa, akatoa balbu mpya kwenye boksi la vifaa la Hoza. Akaishika kwa kitambaa ili vidole visiguse kioo, akaikandamiza, akaizungusha kwa nguvu. Ikakaa.

"Tayari," akasema. "Mpandisheni."

Mwajabu akaingizwa kiti cha nyuma, anauma kitenge. Hoza akawasha injini. Zaina akaenda kusimama nyuma ya gari.

"Washa taa, kaka. Sasa kanyaga breki."

"Zaina, mwenzio anaumwa."

"Kanyaga."

"Serikali imekosa trafiki mzuri hapa," Kibibi akasema.

"Achia. Kanyaga tena. Kibibi, njoo uone. Inawaka, lakini akikanyaga haibadiliki."

Balbu ile ina nyuzi mbili ndani: mwembamba wa taa ya kawaida, na mnene wa breki. Vijino vyake viwili vya ubavuni havikupangwa kimo kimoja, kusudi isiingie kinyume. Lakini mkono wenye nguvu na haraka huweza kuilazimisha, na Kibibi alikuwa ameilazimisha. Uzi mnene uliwaka muda wote, kwa hiyo breki haikuwa na cha kuongeza kinachoonekana. Akaitoa, akaigeuza, akairudisha. Zaina akaagiza breki ikanyagwe tena, kisha tena, na kila mara taa ikakolea. Ndani ya gari Mwajabu alikuwa analia kwa sauti sasa.

"Nendeni," Zaina akasema.

Kwenye kona moja ya mwamba ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani. Hoza akakanyaga breki. Nyuma yake lilikuwa linashuka lori la kabichi, nalo likasimama karibu mno, mpaka kioo cha nyuma cha gari kikawa hakionyeshi kitu ila bampa lake. Dereva wa lori alishuka.

"Gari sikuliona," akamwambia Hoza. "Niliona wekundu tu, umekolea ghafla upande wa kulia."

Mtoto alizaliwa mzima jioni ile, wa kike. Mwajabu akasema, "Ataitwa jina la wifi aliyemwokoa."

Kwao hilo si jambo dogo. Anayepewa jina huwa somo wa mtoto. Mtoto hukulia nusu nyumbani kwake, na siku somo akifa, jina lake huendelea kuitwa uani. Na huyu hatapata mdogo wa kubeba jina la pili.

Siku ya kumtoa mtoto nje, mawifi watatu waliketi mkekani, chai ikapoa mbele yao.

"Nisingesema, nani angejua?" Tunu akauliza.

"Kusema hakukuwasha taa," Kibibi akajibu. "Na uliiona lini?"

Tunu akainama. "Jana yake. Nilidhani kaka anajua."

"Unaona? Kovu liko kwenye kiganja cha nani?"

"Chako," Zaina akasema taratibu. "Na kosa lilitoka kiganja hicho hicho. Ningewaruhusu, wangeshuka na taa ya uongo."

"Na wewe uliwashikilia pale," Tunu akamgeukia. "Wangeondoka mapema, ng'ombe wangekuwa hawajafika barabarani, na lori lingekuwa bado juu."

Zaina akasogeza kikombe chake kando. Hilo hakuwa amelifikiria, na tangu siku ile halijamtoka.

"Basi, wifi zangu," Mwajabu akasema. "Nitalitaja mimi, na nikishalitaja pasiwe na maneno."

Akamweka mtoto vizuri mapajani. Akamtazama Tunu, ambaye jicho lake ndilo lililoanzisha yote, lakini akachelewa kusema. Akamtazama Kibibi, aliyemwaga damu na kukosea. Akamtazama Zaina, aliyesahihisha kosa na huenda ndiye aliyewapeleka mbele ya lori. Akavuta pumzi, na jina halikutoka.

Watu bado wamekaa uani wanangoja. Wewe uliyesikia yote, keti mahali pa Mwajabu, mpokee mtoto huyu mikononi mwako. Utamwita nani?