Kipimo cha Baruti

Nyumba ya Fathima ilikuwa mtaa wa Sydenham, katika mji mmoja wa bandari, kwenye mteremko mkali ambao mvua ikinyesha maji hushuka barabarani yakikimbizana kama watoto waliofunguliwa shule. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, meza ya mbao ngumu, na mashine ya mkono iliyokazwa mezani kwa bolti nne. Humo ndimo mwanamke huyu wa miaka hamsini na mitatu alimotengeneza risasi za kuwindia kwa mikono yake mwenyewe. Mgeni aliyebahatika kumwona kazini alinyamaza bila kuambiwa, kama mtu aliyeingia msikitini na kukuta sala imekwisha kuanza.

Aliyachukua maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, akayasafisha mpaka yakang'aa kama vyombo vya sikukuu. Aliyakazia kitakoni fataki mpya, kile kifuniko kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, akapima baruti kwenye mizani ndogo, kisha akakalisha juu yake kichwa kizito cha madini ya risasi, kinene kama ncha ya kidole gumba na butu mbele. Alipofika kwenye baruti hakuzungumza na mtu wala hakupokea simu. Kwa miaka thelathini alikuwa akipima dawa katika famasia ya hospitali, na alijua kuwa tiba na sumu hukaa chupa moja, zikitenganishwa na kipimo tu.

Baruti yenyewe ilikuwa chembe za kijivu zisizojaza hata kijiko cha chai. Pamoja na mazoea yote, Fathima hakuacha kuistaajabia. Mara nyingine aliinama juu ya mizani akasema peke yake, "Subhanallah! Kitu kidogo hivi, kimlaze mnyama mzito kuliko gari!"

Ufundi huo aliurithi kwa baba yake, marehemu Moosa, aliyekuwa fundi mitambo bandarini. Mzee Moosa alikuwa na watoto wawili, Fathima na mdogo wake Ilyaas, ambaye Fathima alisaidia kumlea, na aliwaachia bastola mbili kubwa za aina moja, zenye silinda ya kuzungusha risasi, kila mmoja akajipatia leseni yake. Aliwaachia pia kipimo kimoja cha baruti: cha wastani, wala si cha kutisha. Fathima alikishika kama wosia. Ilyaas alikishika mwaka mmoja, akakichoka.

Ilyaas alikuwa fundi wa kuunda mabodi ya malori, mtu wa miraba minne, mkunjufu, asiyeweza kumwona jirani akisukuma gari bovu akapita. Ila alipenda kusifiwa kama nzi apendavyo asali. Siku moja aliongeza baruti kidogo, bastola ikatoa mlio mkubwa na ulimi wa moto, na watu waliokuwa kwenye uwanja wa shabaha wakapiga makofi. Juma lililofuata akaongeza tena. Baada ya miezi mitatu, kila alipofika uwanjani vijana kwa wazee waliacha shabaha zao wakatoa simu kumpiga picha. Mlio wake ulitikisa mabati ya banda. Kichwa kikamvimba.

Pale uwanjani palikuwa na mfanyakazi mmoja Mkongomani, jina lake Apollinaire, mkazi wa Albert Park, aliyeokota maganda yaliyotumika na kuyapanga katika ndoo. Zamani, huko Lubumbashi, alikuwa amekata vyuma kiwandani miaka kumi na minane, na jicho lake lilisoma chuma kama wengine wasomavyo barua. Jumamosi moja alimfuata Ilyaas, kiganja kimejaa maganda.

"Papa Ilyaas, tazama hii. Hii moja iko na ufa. Na hii fataki yake imelala sawa na chapati. Hii nyingine umeitoa kwenye silinda kwa kugonga na nyundo, nimekuona. Chuma iko inakulilia, Papa."

"Eish, Apollinaire!" Ilyaas akacheka. "Chuma hiki kiliyeyushwa na watu wenye akili zao. Hakiogopi kelele."

"Haiogope, ndiyo. Lakini inachoka. Na siku yenye itachoka, haitakupigia simu kwanza."

Fathima, aliyekuwa meza ya pili, alisikia. Alimsogelea mdogo wake, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeongeza tena?"

"Kidogo tu, dada."

"Kidogo juu ya nini? Juu ya kile kidogo cha mwezi jana?"

"Dada, usiniaibishe mbele za watu. Risasi zako zinakohoa, zangu zinanguruma. Kila mtu na mlio wake."

"Mnyama hafi kwa mlio, Ilyaas. Tazama karatasi yako."

Ilyaas hakutazama. Laiti angetazama, angeona matundu ya risasi zake yametawanyika kama kuku walioona kipanga, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeanza kuruka kabla ya kufyatua, ukiogopa teke la bastola. Matundu ya dada yake yangefunikwa yote kwa kisahani cha kikombe. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Basi ikatokea kwamba Jannah, binti wa pekee wa Ilyaas, alipata mchumba, na walima, karamu ya harusi, ikapangwa mwezi wa nane. Baba mtu akatangaza barazani msikitini kwamba wageni wote wangekula nyama ya pofu, yule mnyama wa jamii ya swala aliye mkubwa kuliko wenzake wote, na pofu huyo angempiga yeye mwenyewe, kwa bastola. Habari ikaenea Sydenham nzima, ikavuka hadi Overport. Maneno yakishatoka hayarudi kinywani. Ilyaas akawa amejifunga kwa ulimi wake.

Siku ya safari aliondoka na dada yake usiku wa manane, kila mmoja na bastola yake, wakaelekea kaskazini wakipita mashamba ya miwa, mpaka shamba la wanyama upande wa Mkuze. Huko walipokewa na mwongozaji, Baba Mkhize, mzee mwembamba mwenye bunduki ndefu begani. Aliwaambia kwa Kizulu, lugha waliyoisikia vizuri kama yao, kwamba katika kundi la hapo alikuwamo dume mmoja mzee, aliyekwisha kufukuzwa na wenzake.

Walimfuata kwa miguu kwa muda wa saa tatu. Majani yalikuwa makavu kwa kipupwe, na baridi ya asubuhi ilikuwa haijaachia mabonde. Mara Baba Mkhize akainua mkono, wakasimama. Kwanza hawakuona kitu, walisikia tu. Tak. Tak. Tak. Mlio mkavu, wa taratibu, kama mtu anayegonga vijiti viwili nyuma ya miti.

"Magoti yake," Baba Mkhize akanong'ona. "Dume la pofu likizeeka, magoti hulia likitembea."

Kisha akatokeza. Fathima alikuwa ameona pofu wengi, lakini huyu alikuwa kama jabali lililopata miguu. Shingoni mwake ilining'inia ngozi pana iliyoyumba huku na huku. Pembe zilijisokota kuelekea mbinguni. Manyoya ya utosini yalikuwa meusi, na rangi ya mwili imegeuka kijivubuluu kwa uzee. Alipumua, mvuke ukamtoka puani ukatanda hewani. Kwa kitambo hakuna aliyekumbuka kwamba walikuja kuwinda.

Ilyaas alikuwa mbele, dada yake hatua moja nyuma yake. Umbali ulikuwa kama hatua thelathini na tano. Akainua bastola kwa mikono miwili, akasema "Bismillahi, Allahu Akbar," akafyatua.

Bonde zima likanguruma. Pofu alitikisika, lakini hakuanguka. Ilyaas, akitafuta kasi, alikuwa amechagua kichwa chepesi cha risasi, nacho kilikwenda kasi mno. Kilipogonga mfupa wa bega kilivunjika vipande juujuu, hakikuingia ndani. Mnyama akageuka, akawatazama, damu ikimchuruzika mguuni. Ilyaas akafyatua tena.

Safari hii haukuwa mlio wa bastola. Ulikuwa mpasuko, kama radi iliyoangukia sufuria. Silinda ilifunguka juu kama ua, na paa la bastola, ule ukanda wa chuma ulio juu ya silinda, likang'oka. Ilyaas akaenda chini. Miwani yake ya kinga ilikuwa imepasuka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mwekundu hadi kiwikoni. Baba Mkhize alitupa bunduki majanini, akamrukia, akavua mkanda wake na kumfunga juu ya kifundo.

"Dada!" Ilyaas alilia. "Sisikii kitu! Dada, uko wapi?"

"Niko hapa!" Lakini macho ya Fathima yalikuwa mbele. Pofu aliyejeruhiwa alikuwa ameanza kuingia kichakani, magoti yakigonga, na akipotea humo angekufa kwa mateso ya siku nzima. Fathima alivuta pumzi kama avutavyo mbele ya mizani. Akainua bastola yake. Akataja jina la Mungu. Akafyatua.

Mlio ulikuwa wa kawaida, mnene na mfupi, mfano wa mlango mzito unaofungwa na mtu asiye na hasira. Pofu alipiga hatua nne. Kisha yule jabali akapiga magoti polepole, kama mzee anayekaa kitako, akajilaza ubavu.

Fathima alikimbilia kwa mdogo wake, akamshika uso. Macho yalikuwa mazima. Ncha ya kidole gumba ilikuwa imekwenda.

"Nisamehe," Ilyaas akasema, midomo imemkauka. "Nenda ukamchinje, dada. Angali anapumua. Asife kibudu kwa ajili yangu."

Fathima akaenda na kisu, akamgeuza kichwa kuelekea kibla na kumchinja kama alivyofundishwa na baba yake. Aliweka kiganja kwenye ubavu ule mkubwa mpaka ukatulia. Ndipo alipoona alichokifanya: kichwa kizito cha risasi kilikuwa kimeingia nyuma ya bega, kikapita kifuani, kikatokea upande wa pili na kuendelea na safari yake. Aliketi chini pale pale, akalia.

Walipokuwa wakimpeleka Ilyaas garini, Baba Mkhize alisimama ghafla kando ya mti mmoja, akaita. Kipande cha silinda, chenye makali kama kipande cha msumeno, kilikuwa kimezama ndani ya gogo. Alimwambia Fathima asimame pale aliposimama awali. Kisha akanyoosha mkono kutoka pale bastola ilipopasukia hadi kwenye mti. Mstari ulipita upana wa vidole vitatu juu ya sikio la Fathima. Ilyaas alikitazama kile chuma, akamtazama dada yake, akasujudu kwenye majani makavu huku mkono wake uliofungwa umeinuliwa juu.

Siku ya walima ukumbi ulijaa. Biriani ya pofu ilipopita, mzee mmoja alisimama kumsifu baba wa bibi harusi, shujaa aliyemwangusha mnyama wa namna ile kwa bastola. Watu wakapiga vigelegele. Ilyaas akainuka, bendeji mkononi, sikio moja bado halisikii sawasawa.

"Kaeni, tafadhali," akasema. "Nyama mnayokula ni ya dada yangu Fathima, aliyeketi pale nyuma anapakua wali. Aliua kwa risasi moja, kwa baruti ya kiasi. Mimi niliifanya yangu ingurume mpaka mabati yakatikisika, nanyi mkanipigia makofi. Ilibaki vidole vitatu imwue mtu aliyenilea."

Wapakuaji wakasimama na sinia mikononi. Jannah alitoka kwenye kiti chake cha heshima, akapita katikati ya watu wote, akamkumbatia shangazi yake, aliyekuwa angali ameshika upawa. Na kila aliyekuwa pale, aliyewahi kupiga makofi na asiyewahi, alikwenda nyumbani akiwa ameyaona kwa macho yake maneno ya wahenga: ngoma ikilia sana, hupasuka.