Sufuria ya Kachumbari

Bwana Senkoro wa Same alikuwa na bata mzinga mnono na mkono mgumu. Kila Krismasi aliwapangia majirani kwa zamu, huyu alete wali, yule viazi, waje kula kwake. Wakishashiba, vibakuli vyao alivitia ukoko kidogo ili visirudi vitupu, nyama iliyobaki akaifungia kwenye friji. Kiporo alikila peke yake mpaka mwaka mpya.

Safari hii Mama Namkunda, mjane wa nyumba ya pili, alipangiwa kachumbari. Akaja nayo ndani ya sufuria ya kupikia pilau la harusi.

"Kachumbari yenyewe iko wapi?" Bwana Senkoro alicheka.

"Ipo huko chini, baba. Vyombo vingine vyote vichafu."

Watu wakala, nusu ya bata ikabaki. Mama Namkunda akasimama.

"Tumeshukuru, jirani. Naomba chombo changu niende."

Bwana Senkoro akatia ukoko wake. Mama Namkunda akainama, akachungulia ndani, akaendelea kuchungulia, mpaka wageni wote wakaja kuchungulia naye. Mama mzazi wa Bwana Senkoro akaguna kitini.

"We Senkoro! Ndivyo unavyorudisha chombo cha mtu?"

Bwana Senkoro akaongeza kipapatio. Kikapotea kule chini. Akaongeza paja. Mama yake bado anamtazama. Mwishowe akainamisha sinia lote.

"Mwakani," Bwana Senkoro alimnong'oneza Mama Namkunda mlangoni, "kachumbari ulete kwenye bakuli."

"Mwakani si zamu yangu ya wali, baba?"