Sungura na Ukumbi wa Kula Mpaka Ushindwe

Nitawasimulia habari za wanyama waliotoa chakula ili wapewe chakula, kisha wakarudi makwao wakijipongeza. Anayetaka kucheka acheke, ila asijidanganye kwamba wanasemwa wengine.

Ulikuwa mwaka wa ukame katika mbuga ya Ikungulu. Mto ulibaki mchanga mtupu, na kila mnyama mwenye akili hata kidogo alikuwa ameweka akiba ya kumfikisha kwenye mvua. Nyani alikuwa na kapu la njugu. Fisi alikuwa na furushi la nyama kavu, au tuseme mkewe ndiye aliyekuwa nalo, maana Fisi tangu azaliwe hajawahi kuweka kitu kikalala. Nyumbu na mkewe walikuwa na rundo la majani makavu pangoni mwao, na rundo hilo lilikuwa uhai wa mtoto. Mama Nyumbu alijifungua katikati ya njaa. Asipokula, maziwa hayatoki, na maziwa yasipotoka, yule ndama hafiki masika. Mama alikula kidogo kidogo, asubuhi na jioni, na ndama akawa anaishi.

Sungura hakuwa na akiba yoyote ila pumba tupu. Wenzake walipokuwa wakikusanya, yeye alikuwa kivulini akiwacheka. Njaa ilipombana hakwenda kuomba wala kutafuta. Alizungushia uwanja ua wa miiba, akapanga mawe bapa yakawa meza, akajenga ghala kwa nyuma, akamweka Nguchiro mlangoni. Halafu akapita mbuga nzima akitangaza.

"Toeni akiba zenu mara moja tu, halafu mle mpaka mshindwe," alisema. "Hakuna kupimiwa, hakuna kuambiwa basi. Nyumbani mnajinyima kila siku, mnalamba vidole. Kwangu mtakula kama wafalme."

Sasa hapo ndipo ujinga ulipoingia. Kila mmoja alitazama akiba yake akaiona ndogo, akatazama tumbo lake akaliona kubwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba tumbo hilo ndilo lilelile linaloshiba kwa konzi mbili za njugu. Wote waliwaza jambo moja: huyu Sungura hajui mimi ninavyokula, leo atanitambua.

Simba alitangulia, kwa sababu alisikia Chui naye anakwenda. Alileta nyama ya nyati mzima iliyokaushwa vizuri. Sungura akampokea kwa heshima zote, akamkalisha mbele kabisa, mahali pa kuonekana na kila mtu. Karibu na mlango kulikuwa na chungu kikubwa cha uji wa pumba, na baada ya uji maboga ya kuchemsha, na baada ya maboga viazi vya porini. Nyama ilikuwa kule mwisho, imekatwa vipande vya kutafutwa kwa macho, na ili kuifikia ilibidi upange foleni. Simba kupanga foleni kama Fisi? Haiwezekani. Akaambiwa kwamba simba wa mbuga za mbali, wale wenye hadhi, huanza na boga. Basi akala boga, mfalme mzima, huku akitikisa kichwa kama mtu anayejua mambo.

Kabla hajamaliza, Sungura alisimama juu ya jiwe akatangaza sheria ya ukumbi.

"Anayetafuna anakula, na anayekula hainuliwi na mtu," alisema. "Anayeacha kutafuna ameshiba, na aliyeshiba anawapisha wengine. Na hakuna kutoka na chakula. Mfalme wetu, unaionaje?"

Simba alipenda sana kuulizwa. Alinguruma kwamba sheria hiyo ni nzuri, ni yake, na atakayeivunja atakutana naye. Kisha akageuka kuangalia kama wamemsikia, na alipokuwa anaangalia, taya zake zikasimama. Sungura akainama, akamshukuru mfalme kwa kushiba. Simba angesema nini mbele ya watu? Aliinuka na boga lake tumboni, akaenda zake akiusifu ukumbi.

Fisi alikuja na mpango. Tangu alipopata habari hakutia kitu mdomoni, ili tumbo liwe tupu kabisa amfilisi Sungura kwa siku moja. Alilibeba furushi la nyama kavu mkewe akiwa hayupo, akafika mlangoni miguu inatetemeka. Mpango ulikuwa kuupita uji asiutazame, aende moja kwa moja kwenye nyama. Lakini aliyeshinda na njaa hawezi kupita chungu. Alitumbukiza kichwa akaunywa uji wote wa pumba, na alipofika kwenye nyama tumbo lilikuwa limekaza, kupumua kwenyewe shida. Hata hivyo alijitahidi. Akameza kipande, akameza kingine, na kama mjuavyo, Fisi hatafuni, yeye ni kumeza tu. Nguchiro akaja, akamtazama taya, akamwambia ainuke. Fisi akalalamika kwamba bado anakula. Akaulizwa sheria inasema kutafuna au inasema kumeza. Akatoka anajikokota, akajitapikia njiani.

Na sikilizeni alichowaambia aliokutana nao. Alisema amemmaliza Sungura. Alisema amekula mpaka Sungura amelia. Simba naye alisema hivyo hivyo, kwa maneno ya kifalme. Nyani alijaza njugu mashavuni ili atoke nazo, Nguchiro akamminya mashavu mlangoni na njugu zikamwagika, njugu zake mwenyewe alizozileta asubuhi. Naye alipofika nje alisema amemkomesha Sungura. Hakuna aliyekuwa tayari kusema nimeingizwa mkenge, kwa hiyo wengine walizidi kwenda.

Bwana Nyumbu alikwenda kwa sababu aliona wengine wanakwenda. Sababu nyingine hana, na msimtafutie. Aliburuta rundo lote la majani, akaingia, akala na wenzake, na wenzake walipoinuka na yeye akainuka. Akarudi pangoni kifua mbele.

"Majani yako wapi?" mkewe alimwuliza.

"Nimelipa kiingilio. Lakini mke wangu, leo nimekula."

"Na mtoto?"

Bwana Nyumbu alifikiri kidogo. Akasema kwamba hawaruhusu kubebea mtu.

Mama Nyumbu alimtazama yule mume, tumbo limemvimba kwa siku moja, halafu akamtazama ndama aliyelala pembeni, mbavu nje. Alijua kwamba maziwa ya siku ile yapo, na ya kesho pengine, na baada ya hapo hakuna kitu. Angepiga kelele, lakini kelele hazinyonyeki. Nyumbani kilikuwa kimebaki kitu kimoja, bonge la magadi alilokuwa akililamba tangu mimba. Akaliuma mdomoni, akamsukuma ndama mbele yake, wakaenda kwa Sungura.

Nguchiro alilipokea bonge, akasema ndama hana kiingilio, abaki nje. Mama akambakiza nje ya ua, kwenye kivuli cha miiba. Akaingia. Uji hakuuangalia, maboga hakuyaangalia. Alikwenda kwenye majani, akang'oa na kumeza harakaharaka bila kuinua kichwa, kisha akaenda kulala ubavu kwenye ua, mahali penye upenyo. Hapo akaanza kucheua, kama mama yake alivyocheua na bibi yake kabla ya hapo. Majani aliyoyameza yakarudi mdomoni, naye akayatafuna polepole, kushoto kulia, kushoto kulia, macho nusu yamefumba.

Nguchiro akaja kumtazama taya. Zinatembea. Akaondoka. Akarudi baada ya muda mrefu, akakuta zinatembea. Wageni wengine waliingia wakala wakainuka, na Mama Nyumbu bado anatafuna. Jioni ikafika anatafuna. Kulipokucha alisimama akaenda mezani taya zinatembea, akaongeza majani mengine, akarudi palepale akalala.

Sungura mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha. Alikwenda kumsimulia vichekesho ili acheke asahau kutafuna. Mama akamtazama tu, anatafuna. Alimleta Bwana Nyumbu ili wagombane, akijua hakuna mke anayenyamaza akiwa na mume wa namna ile. Bwana Nyumbu alisema maneno mengi sana. Mama alitafuna mpaka mume akachoka, akaenda kuwafuata swala waliokuwa wanapita.

Halafu Nguchiro akagundua jambo lililomwudhi zaidi. Kwenye upenyo wa ua, ndama alikuwa ameingiza mdomo na ananyonya. Chakula kilikuwa kinatoka nje. Nguchiro alimkagua Mama Nyumbu mashavu, akamkagua kwato, akamkagua hadi mkia, asikute jani hata moja. Maziwa aliyaona, ila hayakuwa kwenye meza yoyote, na sheria haikuyataja. Mbavu za ndama zikaanza kujificha chini ya ngozi, na majani ya mezani yakaisha kabisa.

Ndipo Sungura alipokimbia kwa Simba kushtaki. Alisema kuna mlaji mwizi, amekaa siku na siku, hataki kuwapisha wenzake. Simba akaja, na nyuma yake ikaja mbuga nzima, maana habari ya Nyumbu asiyeshiba ilikuwa imeenea. Wakajaa uani.

"Huyu hali kitu," Sungura alimweleza Simba. "Anatafuna kile alichokimeza jana. Si chakula kipya."

"Sheria ilisema anayetafuna," Simba alijibu. "Ilitaja cha jana au cha leo?"

"Haikutaja, lakini mfalme, hii ni hila."

Sasa mwelewe Simba vizuri. Hakumwonea huruma Mama Nyumbu, wala hakujua ndama ana shida gani. Lakini yeye mwenyewe, mfalme, aliinuliwa mezani kwa sheria hiyohiyo, na boga tupu tumboni. Kama sheria ni ya mchezo, basi na yeye alichezewa, na mbuga nzima itajua. Alikuwa radhi Sungura afe kuliko jambo hilo lisemwe.

"Sheria ni sheria," alinguruma. "Mimi niliitii. Anatafuna, kwa hiyo anakula. Anakula, kwa hiyo atahudumiwa. Mletee majani."

"Yameisha, mfalme."

"Ulisema kula mpaka ushindwe. Huyu ameshindwa?"

Wote walimgeukia Mama Nyumbu. Taya zilikwenda kushoto, zikaenda kulia.

"Fungua ghala," Simba alisema.

Sungura alilia, akasema ufunguo umepotea, akasema ndani kuna nyoka. Simba akausukuma mlango kwa bega moja ukaanguka. Na mle ndani, wanyama wa Ikungulu waliona akiba zao. Hazikuwa zimeliwa. Kapu la Nyani lilikuwa limepungua juu tu, kiasi cha konzi mbili. Furushi la Fisi lilikuwa bado na fundo la mkewe, limechomolewa vipande pembeni. Nyati wa Simba alikuwa karibu mzima. Rundo la Bwana Nyumbu lilikuwa limeegemezwa ukutani kama lilivyoletwa, limenyofolewa upande mmoja. Walitoa vyote hivyo, kila mmoja akala kidogo cha kwake na uji mwingi wa pumba, akatoka akijisifu kwamba amemfilisi mwenye ukumbi.

Kila mtu alitazama chini asikutane macho na mwenzake. Simba ndiye aliyejikohoza kwanza, akasema nyama ile alikuwa ameihifadhi tu pale, ghala lina baridi nzuri. Nyani akadakia kwamba na yeye alihifadhi. Wakachukua vyao mmoja mmoja, bila kumtazama mtu. Fisi alilibeba furushi akiapa kulifikisha kwa mkewe, akapumzika mara moja tu njiani, na alipoinuka ilibaki kamba. Mkewe alimpiga kwa kamba hiyo.

Sungura naye alinyoosha mkono, akasema basi na yeye apewe fungu, maana ukame ni wa wote. Wakamwuliza alileta nini. Hakuwa ameleta kitu ila chungu cha uji wa pumba. Wakampa chungu chake, kimebaki ukoko, akaondoka nacho kichwani huku Nguchiro akimfuata nyuma anadai ujira. Mpaka mvua inanyesha aliishi kwa kukwangua ukoko ule na mizizi aliyochimba kwa kucha zake, kazi ambayo angeweza kuianza tangu mwanzo.

Bwana Nyumbu alirudi nyumbani akiburuta rundo, anapayuka njia nzima. Aliwaambia jirani wote kwamba familia yake imemwangusha Sungura, kwamba walikula kule siku na siku kwa bonge moja tu la magadi, kwamba hakuna aliyewahi kupata faida namna ile. Pangoni akamwambia mkewe wamshukuru Mungu, wameshinda.

Mama Nyumbu alikuwa anampanga ndama alale upande usio na upepo. Hapo ndipo alipoacha kutafuna.

"Tumeshinda nini?" alisema. "Majani haya yalikuwa humu ndani. Umeyatoa ukayapeleka kwa mtu, na mimi nikaenda kukaa kwenye miiba yake kama mfungwa ili nile majani yangu mwenyewe. Sasa yamerudi yamepungua, na magadi yangu hayapo. Hesabu mume wangu, halafu uniambie tumekula cha nani."

Bwana Nyumbu aliligeukia rundo, akaanza kuhesabu majani. Ndama aliinuka kwa miguu yake mwenyewe, akamfuata mama yake, akanyonya.