Pilau ya Kifurushi

Siwatu, mpishi wa shughuli, alikuwa bado anasonya kwa kupunguziwa bando pale Meneja Kalokola wa kampuni ya simu alipomjia, tai imembana shingo, akitaka pilau ya kuwakirimu wakwe zake.

"Kwanza nieleze," alisema Siwatu. "Mbona bei ni ileile na bando limekuwa nusu?"

"Tumeboresha huduma, mama. Hiyo ni biashara ya kisasa, nyie wapika pilau hamuiwezi."

"Basi nami nikuuzie kisasa, kama kampuni yako?"

"Hasa! Acha ushamba," alicheka Meneja, akalipa yote.

Siku ya shughuli wakwe walinawa, wakazunguka masinia. Pilau ilifika nusu sinia. Hata tonge la kwanza halijashuka vizuri, Siwatu akayazoa masinia yote akayarudisha jikoni.

"We mama! Wakwe zangu hawajala!"

"Muda wa kifurushi umeisha, Meneja. Kilichobaki ni cha kampuni."

"Nina malalamiko!" alifoka, jasho likimtoka mbele ya wakwe.

Siwatu alivuta kigoda, akaketi, akachagua mnofu.

"Tafadhali subiri," alisema huku akitafuna. "Wahudumu wetu wote kwa sasa wanahudumia wateja wengine."